Utando wa Maganda

Maganda alikuwa amefura. Si ule mfuro wa kawaida, wa mtu kununa halafu ukimletea chai unaisha. Alikuwa amefura mpaka kidevu kinatetemeka, amesimama katikati ya kibanda cha baba yake cha ushonaji, mkononi ana mfuko wa pipi alioukuta kwenye droo ya cherehani, anautikisa mbele ya uso wa mzee kama askari aliyekamata ushahidi.

"Hii nini, Baba?"

"Pipi."

"Naona ni pipi. Za nani?"

"Za watoto wa wateja." Mzee alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hata macho hakuinua. "Mama mtu anapimwa gauni, mtoto analia, nampa moja, ananyamaza. Wewe mwenyewe nilikunyamazisha hivyo hivyo. Ulikuwa na sauti kama king'ora. Na bado unayo."

"Baba, una sukari."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Una kidonda hakifungi, Jumatatu unakatwa mguu, halafu unaficha pipi kwenye droo."

"Nimezificha kwa sababu nilijua kuna mtu atakuja kupekua."

Mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake ikunjwe pindo akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Akasema atapita kesho, akatoka kinyumenyume. Kibanda kikabaki na baba, binti na cherehani.

Sasa huo mguu. Ulikuwa wa kulia, mguu wenyewe wa kukanyagia. Mzee alikuwa fundi wa cherehani ya miguu tangu Maganda hajazaliwa, na hakutaka kusikia habari za cherehani ya umeme. Umeme ukikatika mtaa mzima, mafundi wenzake wanatoka nje kupiga soga, yeye ndani tra-tra-tra kama hakuna kilichotokea. Halafu sukari ikamwingia, ikaanza kumtia ganzi ya vidole, na siku moja pini ikadondoka mezani, ikatua kwenye kandambili. Mzee akaikanyaga, ikapenya unyayo, akatembea nayo, akashona nayo, akalala nayo, asijue. Aliyeiona ni binti yake mkubwa, Dada, alipokuwa anamvua soksi. Pini ilikuwa imezama mpaka kichwa. Kidonda kikaanzia hapo, chini ya kidole kidogo, na kikagoma.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Mara ya mwisho alipomwona mzee alichukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari juu kidogo ya kifundo cha mguu, akasema Jumatatu akikuta hali ni ile ile anakata pale. Mzee akautazama mstari kwa jicho la fundi, akauliza, "Umepima kwanza, au umechora tu?" Daktari hakucheka. Mzee naye hakuwa anatania. Na toka siku hiyo akioga anauzunguka ule mstari, hausugui. Anasema aliyechora ndiye afute.

"Kinachonikera," Maganda akasema, akaketi kwenye kiti cha wateja, "ni kwamba wenzako wote wanapona. Wote. Yule dereva alikuwa na shimo kisiginoni unaweza kuegesha baiskeli, sasa hivi limefunga. Utando ni ule ule. Umetoka kwenye sahani zile zile. Wewe tu. Kwa nini wewe tu?"

Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Utando wako unapiga kelele."

"Unafanya nini?"

"Unapiga kelele. Nikitembea unaniambia kachakacha, kachakacha, kama karatasi ya pipi."

"Basi ndiyo pipi zenyewe hizo, umezijaza mpaka kwenye soksi."

"Mwanangu, mguu hausikii. Lakini masikio ninayo."

"Baba, usinichezee akili." Maganda akasimama, akauchukua mfuko wa pipi, akautia kwenye mkoba wake na kuufunga zipu kwa nguvu. "Nenda hospitali ukafungwe kidonda, leo ndiyo siku yako. Na watoto wa wateja walie tu. Kulia hakuui."

Akatoka. Nyuma yake akaisikia cherehani inaanza tena, tra-tra, halafu inasimama, halafu inaanza. Mzee alikuwa anakanyagia mguu wa kushoto.

Njia nzima Maganda alikuwa na simu mkononi, anamrekodia Dada ujumbe wa sauti. "Dada, baba yako anakula pipi." Akafuta. "Dada, kwani nyinyi huko mkimfunga kidonda hamumuulizi anakula nini?" Akafuta. "Dada." Akafuta. Ukiufungua ukurasa wao wa ujumbe, ule wa zamani ulijaa vichekesho na picha za nguo. Siku hizi ulikuwa mkavu kama tangazo la serikali. *Kafungwa leo. Sawa. Homa hana. Sawa.*

Dada alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha vidonda hospitalini, na hao wawili walikuwa hawaongei tangu siku ile Maganda alipokwenda kule kwa hasira zake. Na ili ujue alikwenda kufanya nini, lazima ujue jina lake limetoka wapi.

Maganda alifanya kazi maabara, na kazi yake ilianzia jalalani. Kulikuwa na kiwanda cha kusafisha kamba, wale wa baharini, kinatupa maganda kwa magunia. Watu wanapita wameziba pua, yeye anayakusanya kama anaokota dhahabu, mpaka wakamwita Maganda. Anayaosha, anayasaga, anayaloweka kwenye tindikali mpaka chokaa yote iishe, halafu anayachemsha kwenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka yabaki mapande meupe yasiyo na harufu. Hiyo ndiyo kitosani. Ukiiyeyusha kwenye maji yenye siki kidogo inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Unatia dawa ya kuua vijidudu, unamimina kwenye sahani bapa, unaacha ikauke, kisha unabandua utando mwembamba, mweupe wa kuona upande wa pili, kama nailoni ya kujaladia vitabu. Ukiuweka kwenye kidonda kibichi unakunywa majimaji, unalainika, unavimba, unashika. Na dawa iliyomo haitoki kwa fujo. Inatoka kidogo kidogo, siku hadi siku, pale pale pabovu. Kwa mtu wa sukari hilo ni jambo kubwa, maana damu haifiki vizuri kule chini, na vidonge anavyomeza vinazunguka mwili mzima vikitafuta unyayo.

Wagonjwa waliokubali kuujaribu utando waliandikishwa hospitalini, na mzee akaandikishwa kama wengine. Ila sheria ya utafiti ilikuwa moja na haina mchezo: mtu wa maabara hagusi mgonjwa, na kama mgonjwa ni baba yake ndiyo hata asikaribie. Maganda anatengeneza, anafunga kwenye pakiti, anapeleka. Kuuweka kwenye kidonda ni kazi ya Dada.

Na kukaa mbali kulimshinda. Siku alipopeleka pakiti ya kwanza ya Baba, mlango wa chumba cha vidonda ukawa wazi, akaona beseni lenye bendeji za mgonjwa aliyetangulia halijaondolewa, na nzi yuko juu yake anajipangusa mikono. Akawaka. Akasimama pale pale mlangoni, mbele ya foleni nzima, akasema chumba hiki kinanuka usaha, akasema nyinyi ndiyo mnawamaliza watu, akasema baba yangu akipata kijidudu humu ndani ni mkono wako, Dada, mimi sitakusamehe mpaka nakufa. Dada alikuwa ameshika mkasi. Aliinamisha kichwa akaendelea kukata bendeji ya mgonjwa, na wagonjwa wote wakawa wanatazama dari.

Huko ndiko walikofikia.

Maabara, Mkuu alikuwa anamsubiri. Mkuu ni yule bosi wa Maganda, bwana wa mashati yaliyonyooka na sauti ya upole, sauti ya kukuambia jambo baya kama anakukaribisha kiti.

"Nimeangalia majibu ya wagonjwa," akasema. "Ni mazuri sana. Isipokuwa mmoja."

"Najua."

"Huyo mmoja anatuharibia. Wageni wanakuja kuona kazi, na mimi siwezi kuwaonyesha picha ya mguu unaokatwa. Tukipata sababu ya kumtoa kwenye hesabu..." Jicho lake likaenda kwenye mkoba wa Maganda. Zipu ilikuwa imeshindwa kazi, na pipi moja ilikuwa imechungulia. "Hizo za nani?"

Maganda, kwa vile hasira ilikuwa bado inamtoka puani, akajibu kabla hajafikiri. "Za Baba. Nimemkuta nazo kwenye droo."

Uso wa Mkuu ukachangamka. "Ah. Basi tumemaliza. Mgonjwa hakufuata masharti. Tunamtoa, na hakuna wa kutulaumu."

Hapo ndipo hasira ya Maganda ilipogeuka upande. Alihisi kama mtu aliyepeleka kuni nyumbani kwa jirani, halafu akaona ni nyumba yake ndiyo inachomwa. Yaani mzee anakatwa mguu, halafu juu yake inaandikwa kwamba ni kwa ajili ya pipi. Pipi za watoto wa wateja.

"Hamna mtu aliyemwona akila," akasema.

"Wewe umezikamata."

"Nimezikamata kwenye droo. Sikuzikamata mdomoni."

"Maganda, pumua."

"Usiniambie nipumue, Mkuu. Napumua toka asubuhi na haisaidii."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Dada. Picha tu, haina hata neno moja, kama alivyokuwa anatuma kila siku ya kufunga kidonda. Mguu wa baba juu ya shuka la kijani, kidonda chekundu pembeni na cheusi karibu na kidole, mstari wa kalamu juu ya kifundo. Maganda alizoea kuzitazama hizo picha upesi upesi, moyo ukimuuma, akijibu *Sawa*. Leo kwa kuwa hakutaka kumtazama Mkuu, aliivuta picha kwa vidole viwili akaikuza. Pembeni ya mguu kulikuwa na sahani ya chuma, na ndani yake utando wa zamani uliobanduliwa.

Ulikuwa mzima. Na ulikuwa wa njano.

Akaikuza zaidi. Utando uliokaa kwenye kidonda siku zote hizo unatakiwa uwe umelainika, nusu yake umeshaliwa na mwili. Huu ulikuwa umejikunja pembe zote nne, mkavu, rangi ya ukucha wa mzee. Kachakacha. Kama karatasi ya pipi.

Maganda aliijua ile rangi. Siku za mwanzo kabisa maabara waliwahi kuuweka utando kwenye joto la mvuke, kwa udadisi tu, waone itakuwaje. Siki yote ikaruka, utando ukawa wa njano, ukawa mgumu, ukiutia majini unaelea kama plastiki. Haulainiki, haushiki, na dawa iliyomo imeshaungua. Wakacheka wakautupa, na toka siku hiyo wakawa wanaua vijidudu kwa mionzi. Wala hawakuona haja ya kumwambia mtu mwingine. Nani atapika utando?

Akampigia Dada. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

"Tunaendelea?" Mkuu akauliza.

Maganda alikuwa ameshafika mlangoni.

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa korido, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa ndani vitanda, upande wa nje meza ya vifaa, sinki, na lile dude la chuma la mvuke ambalo kila kinachogusa kidonda, mikasi, vibano, mabakuli, kinapita humo kwanza. Maganda aliingia bila kubisha. Dada alikuwa amevaa glavu, ameinama mbele ya dude, mlango wake wazi, mvuke unamfukiza usoni. Alikuwa anatoa sahani ndogo. Juu ya sahani kulikuwa na utando mmoja, wa njano.

"Usimwekee hiyo," Maganda akasema.

"Toka nje. Huruhusiwi humu."

"Dada, nimesema usimwekee."

"Na mimi nimesema toka nje. Chumba kichafu hiki, utaambukizwa."

Maganda akachukua kibano mezani, akaubana utando, akaukunja. Ukavunjika, ta, kama biskuti. Wote wawili wakavitazama vile vipande viwili.

"Mmeupika," Maganda akasema. Sauti ilimtoka ndogo kwanza, halafu ikapanda. "Mmeupika. Dawa yote imeungua. Mnamwekea Baba plastiki. Siku zote hizi anatembea na plastiki kwenye kidonda. Nani kakwambia uutie kwenye mvuke? Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mdogo wangu." Dada aliiweka sahani chini taratibu, ule utaratibu wa mtu anayejizuia asiirushe. "Ulisimama hapo hapo ulipo. Mbele ya wagonjwa wangu. Ukasema nanuka usaha. Ukasema Baba akipata kijidudu ni mkono wangu. Nimelala na hayo maneno, nimeamka nayo. Nikasema sawa. Wa wagonjwa wengine nafungua pakiti, natoa, naweka, kama mlivyotufundisha. Wa Baba naupitisha kwenye mvuke kwanza. Nangoja mpaka wenzangu watoke, naupitisha, ili asiwepo mtu wa kuniambia tena kwamba nilimuua baba yangu kwa uchafu."

Maganda akaigeukia pakiti iliyofunguliwa mezani.

"Sema sasa," Dada akasema. "Una mdomo mrefu siku zote. Sema."

"Pakiti imeandikwa safi, tayari kutumika."

"Mkasi wangu nao unakuja umeandikwa hivyo hivyo, na bado nauchemsha. Imeandikwa usichemshe?"

"Hapana, lakini kila mtu anajua..."

"Kila mtu nani? Kila mtu wa kwenu maabara. Mlikuja hapa na suti zenu, mkatuonyesha namna ya kuubandika, upande huu juu, upande huu chini, mkapiga picha, mkaondoka. Aliyesema usiupike ni nani? Mtaje."

"Hakuna mtu mwenye akili zake angewaza kuupika."

"Basi mimi sina akili. Nina baba."

Maganda akataka kumrudishia, na alikuwa nalo neno, tena baya, limeshafika ulimini. Ila Dada alikuwa anajaribu kuviunganisha vile vipande viwili vya utando, na yeye hakuwahi kumwona hivyo. Akalimeza.

"Twende kwa daktari," akasema. "Tumwambie hajawahi kuwekewa dawa hata siku moja. Asikate."

"Ukimwambia nimevunja utaratibu wa utafiti, natolewa humu leo leo."

"Na usipomwambia, Jumatatu anakata."

"Unadhani silijui hilo? Unadhani nimesimama hapa nahesabu mshahara? Nataka dakika moja ya kuogopa, Maganda. Niachie dakika moja."

Pazia likavutwa. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa mpaka gotini, mguu umewekwa juu ya stuli, uchi, na kidonda kinatazama watu. Alikuwa amesikia yote. Maganda alimjua baba yake akiwa mtani, akiwa mkaidi, akiwa mgonjwa. Hivi hakuwahi kumwona. Masharubu yalikuwa yamesimama.

"Mmemaliza?" akauliza.

Hakungoja jibu.

"Mimi nimekaa hapa, mguu uko nje unapigwa na upepo, nawasikiliza mnagombania nani ana makosa zaidi. Mmoja anautazama mguu wangu kwenye simu. Mwingine anautazama kwa kibano. Nimesema utando unapiga kelele. Nilikwambia wewe, mama," akamwonyesha Dada, ambaye alimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyerithi sura ya bibi yao, mama wa mzee, "ukaniambia nisitembee tembee. Nikakwambia wewe, ukaninyang'anya pipi. Nyote mna kazi za maana, na hamna hata mmoja aliyeinama akasikiliza mguu."

"Baba..."

"Sijamaliza. Nailoni unaipiga pasi, wewe? Haiwi hivyo hivyo, njano, inavunjika? Mngeniuliza. Lakini sawa. Hayo yamepita. Anayekwenda kumwambia daktari aende, na asiyekwenda aje anifunike mguu. Kuna baridi."

Dada akavua glavu, akazitupa kwenye pipa. Moja ikaingia, nyingine ikaning'inia ukingoni, na yeye ambaye hakuwahi kuacha kitu kimening'inia hakugeuka kuitazama. Akatoka. Maganda akachukua shuka, akamfunika baba mguu haraka haraka mpaka magotini, akamkimbilia.

Kwenye korido simu ikaita. Mkuu.

"Nimeandika ile sentensi ya masharti," ile sauti ya upole ikasema. "Nataka tu uithibitishe."

"Ifute."

"Unasemaje?"

"Mtoe Baba kwenye hesabu, sawa, lakini usimtoe kwa pipi. Andika aliwekewa utando uliopikwa, kwa sababu maabara ilisahau kuwaambia watu kwamba haupikwi."

"Tukiandika hivyo tutaonekana wajinga, Maganda."

"Ndiyo. Tutaonekana." Akakata simu, akairudisha mfukoni, akamfuata Dada.

Daktari wa upasuaji aliwasikiliza akiwa amesimama, maana ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja na kilikuwa kimejaa mafaili. Dada alieleza mwenyewe, tangu mwanzo, hakujipunguzia. Alipofika kwenye maneno ya mlangoni, yale ya usaha, aliyaruka. Maganda akayarudisha. "Nilimtukana mbele ya wagonjwa," akasema. "Ndiyo akaanza kuupika." Dada akamkata jicho, kwamba nani kakuomba.

Daktari akawatazama mmoja mmoja.

"Pakiti mnazo?"

"Zipo," Maganda akasema.

"Ambazo hazijapikwa?"

"Ndiyo."

"Mimi sikati mguu kwa kupenda," akasema, na kwa mara ya kwanza walimsikia amepandisha sauti. "Nilichora ule mstari kwa sababu mliniambia dawa imewekwa na haijafanya kazi. Nikiambiwa dawa imeshindwa, nakata. Mmenifanya nichore mstari kwenye mguu wa mtu kwa habari ya uongo. Hilo mnalielewa?"

Wakasema wanalielewa.

"Kidole kidogo kimekufa. Hicho natoa Jumatatu, hakuna wa kukiokoa. Pale nitakapotoa mtaweka utando, mzima, nikiwepo. Halafu tutaona. Siwaahidi mguu. Na wewe, sista, taarifa nitaiandika, siwezi kuacha."

"Iandike," Dada akasema.

Taarifa ikaandikwa. Dada akapewa onyo, akaondolewa kwenye utafiti, ila chumba cha vidonda wakamwachia, kwa vile hapakuwa na mwingine anayeweza kufunga kidonda kama yeye, na daktari alilisema hilo kwa maneno yake machache. Maabara nayo ilibidi iandike ilichoandika, na wageni wa Mkuu walipokuja wakauliza maswali mengi kuhusu ukurasa huo mmoja kuliko kurasa nyingine zote. Mkuu alimnunia Maganda kwa muda mrefu. Maganda hakuona hasara. Pakiti zake sasa zilikuwa zina mhuri mwekundu, mkubwa wa kukera: USICHEMSHE.

Kidole kikatoka. Mzee akakiulizia kimepelekwa wapi, akaambiwa mambo mengine usiulize, akasema sawa, kilikuwa kinabana kiatu.

Na utando ukashika. Ule mzima, mweupe, uligusa nyama mbichi ukanywa maji hapo hapo, ukalala kama ngozi ya pili. Mzee alipoanza kutembea kwa gongo, binti zake wote wawili walimfuata nyuma korido nzima, wameinama kama watu waliodondosha hereni, wanasikiliza.

"Unasemaje?" Dada akauliza.

"Hausemi kitu," mzee akajibu. "Uko kimya. Tofauti na watu fulani."

Kidonda hakikufunga upesi. Kilijifunga kwa maringo, leo kimepungua, kesho kimegoma, na mstari wa kalamu ukawa bado uko pale juu ya kifundo, umefifia lakini upo. Mpaka siku daktari alipoinama, akabonyeza pembeni kwa kidole, akanusa, akainuka, akasema, "Huu unabaki."

"Basi futa," mzee akasema.

"Nini?"

"Mstari wako. Mimi nikipiga chaki kwenye kitambaa halafu nikaghairi kukata, nafuta mwenyewe. Simwachii mteja."

Daktari akautazama mguu, akamtazama mzee. Akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akapiga goti moja kwenye sakafu ya chumba cha vidonda na kuusugua ule mstari mpaka ukaisha. Mzee alisimamia kazi yote. Akamwonyesha na sehemu moja kwa nyuma aliyoisahau.

Daktari alipotoka, Dada akavaa glavu mpya. Kwenye mlango wa dude la mvuke alikuwa amebandika karatasi kwa mkono wake, herufi kubwa: UTANDO USIINGIE HUMU. HATA WA BABA YAKO. Maganda alikuwa ameiona alipoingia. Mzee hakuwa tena mgonjwa wa utafiti, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kumzuia binti yake kuwa pale. Hawakuwa wamepatana. Hawakuombana msamaha, na ukurasa wao wa ujumbe ulikuwa bado mkavu. Bado neno moja tu lilitosha kuwawasha wote wawili.

Maganda akachukua pakiti, akataka kuifungua.

"Umenawa?" Dada akauliza, bila kumtazama.

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Maganda akavuta pumzi, ikapanda mpaka juu kabisa, kidevu kikaanza. Mzee, mguu juu ya stuli, akawa anatazama dari kama wale wagonjwa wa siku ile.

Akaiweka pakiti mezani, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akanawa tena.